Fundi Baiskeli wa Karibu na Soko

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi. Waliotutangulia walipata barua zao za ajira kabla hata ya kurudisha majoho. Sisi tuliambiwa soko limefunguliwa, kila mtu akajitafutie. Nilirudi Mwanza nikakaa kwa mama miezi minne nikiandika barua za maombi, kila moja mara tano, kwa kuogopa kwamba neno "naomba" linanionyesha mnyonge na neno "ningependa" linanionyesha najisikia. Mwishowe nikaenda kujitolea katika maktaba ya mkoa.

Mkutubi mkuu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza shahada yangu ni ya nini.

"Unajua kupiga taipu?"

"Najua, mama."

"Mwandiko wako wa ubaoni unasomeka?"

Nikaanza kufikiri. Unasomeka na nani? Kutoka umbali gani?

"Basi njoo Jumatatu," akasema. "Hilo jibu utakuja nalo."

Nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya habari za maktaba iliyotoka kila mwezi: vitabu vipya, mashindano ya insha ya shule, sanduku la vitabu lililovuka kwa kivuko kwenda Sengerema na lile lililorudi kutoka Magu likiwa na mchwa. Niliipiga kwenye stensili, tukaizungusha kwenye mashine ya kurudufu, nakala moja ikabandikwa mlangoni, nyingine zikaenda mashuleni na makao makuu Dar es Salaam. Kazi ya pili ilikuwa darasa la kisomo cha watu wazima, Jumatano alasiri, katika chumba cha nyuma mlimotunzwa viti vilivyovunjika na magazeti ya zamani.

Darasani walikuja watu sita. Watano walikuwa akina mama wa kuuza dagaa, ambao hawakuona haya kwa lolote. Wa sita alikuwa fundi baiskeli, mzee wa miaka hamsini na kitu, na yeye alipitia mlango wa nyuma. Kila Jumatano alikuja amebeba ringi ya baiskeli begani, ili atakayemwona adhani ameitwa kutengeneza baiskeli ya maktaba. Maktaba haikuwa na baiskeli. Ringi ilikuwa ileile, tena imepinda.

Alikuwa na sababu ya kujificha. Alikuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwake. Watu walimletea barua aweke sahihi, na sahihi aliijua, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Tena sebuleni kwake kilitundikwa cheti cha kisomo cha miaka ya sabini, enzi taifa zima lilipofundishwa kusoma. Siku ya mtihani ule, aliniambia, jirani yake aliweka karatasi mahali pa kuonekana vizuri, naye akachora alichokiona. Tangu hapo alikuwa msomaji kwa cheti, na mtu mwenye cheti atarudije darasani?

Alirudi kwa ajili ya binti yake. Binti huyo alikuwa sekondari ya bweni, mbali, na aliandika barua kila mwezi. Barua alizisoma mdogo wa binti huyo mbele ya nyumba nzima, kwa sauti ya kukariri, na majibu aliyaandika huyohuyo. "Mtoto ananiandikia mimi," mzee alisema, "halafu nyumba yote inasikia kabla yangu." Alitaka binti akija likizo ya Desemba, yeye mwenyewe atoe barua mfukoni na kuisoma mbele yake. Hakutaka kingine. Kufikia Septemba alikuwa anaunga maneno mafupi, kidole kikitangulia, jasho likimtoka kama anayefungua nati iliyoshika kutu.

Mwezi huo tuliambiwa mgeni kutoka makao makuu anakuja kukagua maktaba. Nilisikia pia kwamba nafasi moja ya kazi ingetangazwa. Niseme ukweli: nilitaka karatasi ya mwezi ule imfanye mgeni aulize, nani kaandika hii? Habari za mchwa zisingemfanya aulize. Nikaandika hivi:

"Miongoni mwa wanafunzi wetu wa kisomo yumo bwana mmoja, fundi baiskeli wa karibu na soko, baba wa watoto watano na balozi mtaani kwake, ambaye mwezi wa tatu hakuijua hata herufi moja, na leo anasoma sentensi nzima."

Aya hiyo ilinichukua siku mbili. Nilihangaika kama niandike "ndugu" au "bwana", maana "ndugu" lilishaanza kunuka siasa ya jana na "bwana" lilinuka ubepari. Nilifuta koma kwa wino wa kufutia, nikairudisha. Jina sikuliandika, nikajiona nimekuwa mwangalifu. Na hiyo "hata herufi moja" haikuwa kweli, kwa sababu alikuja akizijua herufi karibu zote. Niliiweka kwa sababu ilinoga. Katika siku mbili hizo sikutumia hata dakika moja kwenda sokoni, mwendo wa robo saa, kumwuliza mwenyewe.

Jumamosi asubuhi maktaba ilikuwa na desturi yake. Magazeti yalikuwa yamefumuka, kila wiki jipya, na si kila mtu aliweza kuyanunua. Kwa hiyo mfanyakazi mmoja, siku hizo mimi, alikaa barazani na kuyasoma kwa sauti, na wapagazi, wauza samaki na wazee waliostaafu walikaa kwenye ngazi kusikiliza. Palipokuwa pagumu, mmoja alifasiri kwa Kisukuma na wengine wakambishia. Fundi baiskeli hakukosa. Alikaa benchi la mbele, gazeti lake limefunuliwa mapajani, akitikisa kichwa kama anayelinganisha ninachosoma na kilichoandikwa.

Jumamosi hiyo, nilipomaliza magazeti, nikasoma na karatasi yetu. Mimi mwenyewe, kwa sauti ya kujivuna. Nilipofika kwenye aya ile, shemeji yake aliinua mkono. Alikuwa muuza samaki wakavu, na kazi yake kila Jumamosi ilikuwa kumtania fundi.

"Ebu rudia hapo, dada. Fundi baiskeli wa wapi?"

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeulizwa, na mimi nikiulizwa hujibu. "Wa karibu na soko," nikasema.

"Watoto watano. Balozi." Alihesabu kwa vidole, kisha akageuka taratibu. "Shemeji! Kumbe hilo gazeti huwa unalifunuaga tu kama kanga?"

Ngazi nzima ikacheka.

"Na ile barua yangu ya mahakama uliyonisomeaga? Ulikuwa unatunga?"

"Nilikutungia vizuri," fundi akajibu, naye anacheka. "Kesi ulishinda, hukushinda?"

"Nilishinda!"

"Basi unalalamika nini?"

Walicheka hadi mpagazi mmoja akajifuta machozi kwa gunia. Nilianza kupumua. Nikajiambia, unaona, ni utani wa mashemeji, yamekwisha. Kisha shemeji akaongeza, bado kwa kucheka, "Na kile cheti ulichotundika pale sebuleni, shemeji, nacho kikoje? Au ni kalenda?"

Fundi aliinuka. Alilikunja gazeti kwa kufuata mikunjo yake ya awali, akaliweka kwenye benchi, akaniambia, "Asante kwa kazi, binti," akashuka ngazi. Watu waliendelea kucheka kidogo, kisha wakaacha.

Jumatano hakuja. Akina mama wa dagaa walikaa wakitazama mlango wa nyuma. Baada ya darasa mkutubi mkuu aliniita.

"Umemtaja mtu kwenye karatasi ya maktaba."

"Sikumtaja jina, mama."

"Karibu na soko kuna mafundi baiskeli wangapi wenye watoto watano na ubalozi? Umemtaja mpaka unyayo. Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza, mama."

"Msomi," akasema, si kwa kunitukana, kwa kuchoka tu, "unawaza kila kitu isipokuwa mtu."

Mgeni wa makao makuu alikuja, akasoma karatasi, akasema ni nzuri. Hakuuliza nani kaandika. Nafasi ya kazi haikutangazwa.

Nilichofanya baada ya hapo naona aibu kukisimulia, lakini ndicho nilichofanya. Nilikaa kuandika barua ya kumwomba radhi. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilijitetea, ya tatu ilimwita "mpendwa", nikaona ni utovu wa adabu. Ya nne ilinitosheleza. Nilikuwa nalamba bahasha nilipotambua ninamwandikia nani. Angeipokea, angempa mtoto wake, na mtoto angeisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Nikaichana.

Zilipita siku kumi zaidi kabla sijaenda. Kila siku nilipata sababu. Leo ni siku ya soko, ana wateja. Leo Ijumaa. Leo mvua. Hatimaye nikaenda mchana wa jua kali, nikamkuta chini ya kibanda chake cha bati, baiskeli imelala miguu juu mbele yake, mwenye baiskeli amesimama pembeni akisubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli."

"Basi kwa fundi umefuata nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yaliyotoka yalikuwa mawili: "Nimekosa, baba." Nikaongeza kwamba ningekuja kumfundishia palepale kibandani, au nyumbani, au popote, Desemba ilikuwa bado. Alizungusha gurudumu akalisikiliza.

"Ungeniuliza, nisingekukatalia," akasema. "Ningekwambia ngoja Januari."

Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akainua kifuniko cha sanduku la vifaa, akatoa bahasha. Ilikuwa imefunguliwa kwa uangalifu, ikiwa na alama ya kidole cha grisi juu ya mstari wa kwanza.

"Hii ya juzi sijampa mtoto. Hapa najua. Baba. Yangu. Mpendwa." Kidole kikasimama. "Kuanzia hapo nisomee."

"Tusome wote, baba. Neno moja moja."

"Soma, binti. Mtu anasubiri baiskeli yake."

Akarudi kwenye gurudumu. Nikasoma, mwenye baiskeli akisikia kila neno. Binti alikuwa ameumwa malaria akapona, mama asiambiwe. Hesabu zilikuwa ngumu. Mvua zilikuwa hazijaanza. Aliwaambia wenzake bwenini kwamba baba yake hakosi maktaba kila Jumamosi. Nilipofika mwisho nikaona, chini ya jina lake, mstari mmoja alioongeza. Nikauwaza haraka, nikaamua kwa niaba yake kwamba ni afadhali asiusikie. Nikakunja karatasi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

Alinyoosha mkono, akaichukua, akaifungua, akaweka kidole chini kabisa.

"Na huu?"

Nikausoma. "Baba, safari hii nijibu wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako."