Ua la Marehemu Nililompa Mke Mpya

Nimekosa, na sina wa kumsukumia lawama. Mimi ni mwanaume mzima, baba wa mtu, mkaazi wa Machakos. Haya sijamwambia hata padri.

Marehemu mke wangu alipenda maua. Veranda yetu ilijaa jerania kwenye mikebe ya rangi. Alichukua unga wa ua hili akaupaka kwenye ua lile kwa unyoya wa kuku, kisha akapanda mbegu na kungoja aone kama litatoka ua jipya. Mengi yalitoka ya kawaida tu. Mimi nilikuwa namcheka.

Halafu likatoka moja jeupe, ukingo wa zambarau, ambalo halikuacha kuchanua hata wakati wa kiangazi. Sijawahi kuona lingine kama hilo. Wakati huo yeye alikuwa amelazwa. Nilimpelekea tawi hospitalini, binti yetu Ndanu akiwa ameketi kando ya kitanda. Akalishika, akatabasamu, akasema, "Hili tuliite Ndanu."

Hakurudi nyumbani.

Baadaye nikakutana na Mumbua. Anauza maua ya mikebe kando ya barabara kule Mlolongo, wateja wake ni watu wa maploti, zile nyumba za kupanga, wanaopamba balkoni. Nilimpenda, lakini nilijiona sina kitu cha kumpa. Basi nikakata tawi la lile ua, nikalichomeka kwenye mkebe mpya, na lilipochanua nikampelekea.

"Umelitoa wapi?" akaniuliza.

"Nimelitengeneza mimi, kwa ajili yako. Linaitwa Mumbua."

Alilia. Akaniambia tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumfanyia kitu kama hicho. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikamfuta machozi.

Tukaoana. Akakata matawi, akazalisha mengi, na leo hata watu wa Syokimau wanakuja kuulizia "Mumbua". Wakinipata pale anapouzia wananisalimia kwa heshima, fundi wa maua. Najibu, nikiwaza nijifiche wapi kwa aibu.

Ndanu anafanya kazi Eldoret. Alipokuja kumwona mama mpya, aliyakuta maua hayo yamepangwa mlangoni petu. Akainua mkebe mmoja.

"Baba, hili ni la mama."

Mumbua akacheka kwa upole. "La, mwanangu, babako ndiye aliyelitengeneza."

Wote wawili wakanitazama.

Nikasema, "La mamako lilikauka. Hili ni lingine."

Ndanu aliuweka mkebe chini polepole, akachukua mkoba wake akaondoka. Chakula kilikuwa kimeiva. Hakula.

"Kwani nimemkosea wapi?" Mumbua akaniuliza.

Nikamjibu, "Ana uchungu wa mamake. Ni mtoto mgumu huyo." Mtoto wangu! Nilimpaka matope ili mimi nibaki safi.

Na Mumbua ana moyo mzuri, hilo ndilo linaniua. Bila kuniambia alichagua mkebe ulio bora, akaandika jina la ua kwa rangi, akautuma Eldoret kama zawadi ya kupatana.

Ndanu akanipigia simu. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Baba, nimepokea ua la mama likiwa na jina la mke wako. Huyo mama hana kosa, sitamwambia. Utamwambia wewe. Ukishamwambia, nitakuja nyumbani."

Bado sijamwambia. Sasa Mumbua ni mjamzito, na ananiomba nimtengenezee mtoto ua lake pia. Nikisema, namvunja akiwa katika hali hiyo. Nikinyamaza, Ndanu haji. Kila asubuhi namwagilia yale maua, na siwezi hata kuyaombea yakauke, maana ndiyo kitu cha pekee kilichobaki cha mamake Ndanu.

Wewe unayesoma, kama umempa mtu unayempenda jasho la mwingine ukasema ni lako, mwambie leo, wakati bado ni aibu yenu wawili. Mimi nilingoja, na sasa ukweli wangu hauwezi kutoka bila kuumiza mtu asiye na hatia. Naogopa nitazeeka nao.