Mrushaji Mashoto wa Bibi

Si kweli. Nasema si kweli, na usinikate maneno. Binamu yangu alinicheka mbele ya watu, eti bibi asiyeona, asiyejua neno la Kiingereza zaidi ya okei, ataelewa vipi besiboli ya Marekani. Eti najitia Mmarekani, halafu namsingizia bibi wa watu. Siku ile nilimjibu kwa hasira mpaka nikatoka nje na kandambili za mtu mwengine. Leo namjibu kwa utulivu, kadiri ninavyojaaliwa, na sijajaaliwa sana.

Kwanza aelewe saa. Timu yangu iko pwani ya magharibi ya Marekani. Jina sitaji, wapenzi wake tunajuana. Jua linapozama kwao na taa za uwanja zinawashwa, huku kwetu Maskati ndo kwanza kumekucha. Watu wanadhani mpenzi wa besiboli huku anakesha. Mie sikeshi. Mpira unaanza saa kumi na mbili asubuhi, Bibi keshasali alfajiri, kesharudi kwenye godoro lake la sebuleni, Mama kesharoweka majani ya chai kwenye maziwa na iliki, na dukani kwangu Ruwi, ninakouza simu, siingii mpaka saa nne. Sasa niambie, kuna mchezo gani mwengine duniani uliopangwa kuifaa nyumba yetu ya Darsait kuliko huu?

Macho ya Bibi yaliondoka na presha ya macho, pole pole, kama mtu anayepunguza taa asikuamshe. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Zamani asubuhi alikuwa akitazama vipindi vya mapishi, akiwatukana wapishi. Ulipokuja ukungu ule akawa anakaa tu, kidevu juu, anasikiliza gereji za nyuma zikianza kugonga mabati. Mie nilikuwa nasikiliza mpira wangu wa redioni kwa simu, sikio moja, kwa adabu. Siku moja akaniambia niutoe huo waya, na yeye asikie.

Akasikiliza. Halafu akauliza, "Huyo mzee anasoma kitabu gani?"

Nikamwambia hasomi, anatangaza mpira.

"Mpira? Mbona hapigi kelele?"

Hapo ndipo nilipompenda upya bibi yangu, maana hilo ndo jambo ninalogombana na watu mitandaoni kila siku. Watangazaji wa televisheni wa timu yangu wako watatu ndani ya chumba kimoja, na watatu wote wanacheka. Wanazungumza soseji. Wanazungumza gofu. Mpira unaruka ukutani, mtu anakimbia roho mkononi, na wao wamo kwenye soseji. Mtangazaji wa televisheni anajua kwamba unaona, kwa hiyo anafanya uvivu. Wa redio hana ruhusa hiyo. Mzee wetu wa redio anakwambia upepo unatoka upande gani, mrushaji kafuta jasho kwa bega lipi, bendera imelala au imesimama. Halafu ananyamaza, unasikia watu elfu na elfu wanapumua, na mchuuzi mmoja mbali anauza karanga. Kiingereza cha skuli kilinipa alama za mtihani, basi. Cha kusema kanifundisha mzee yule, nikirudia maneno yake nikiosha vyombo.

Bibi alimfahamu kabla hajafahamu neno lake moja. Alisema, "Huyu haogopi kunyamaza. Watu kama hawa wamekwisha."

Basi nikawa namtafsiria. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, aliyekosa mara tatu anakwenda kukaa. Akiupiga vizuri anakimbia vituo vinne, na akifika pale alipoanzia, timu yake imepata moja. Bibi akasema kumbe ni mchezo wa mtu kutoka kwao na kutaka kurudi kwao. Nikarudi kwenye mpira. Yeye katoka Unguja akiwa msichana, na hilo ni jambo ambalo kwetu halichokonolewi asubuhi.

Kilichomteka hasa ni yule mrushaji mashoto. Siku ya mwanzo nilipomtajia kwamba huyu anarusha kwa mkono wa kushoto, Bibi aliweka kikombe chini. Yeye mwenyewe kazaliwa mashoto. Chuoni, alikosomeshwa Kurani, mwalimu alimfunga mkono ule kwa kitambaa mpaka ukasahau kazi, na mpaka leo anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, ila akishtuka, mkono unaotangulia ni ule wa kushoto.

"Na huyu wanamlipa kwa huo huo wa shoto?"

"Mamilioni, Bibi."

"Subhanallah. Mie nilipigwa."

Tangu hapo akawa mwanawe. Kila siku ya tano au ya sita zamu yake inapofika, Bibi anataka chai yake mapema na hataki mgeni. Akirusha vizuri anasema, "Mashallah, mkono wa mamake." Akirusha vibaya, kosa ni la mdakaji, yule anayempokelea mipira. Mie mwenyewe ni mtu wa timu, wachezaji wanakuja na kuondoka, lakini kwa huyu nilikuwa tayari kupigana. Na nilipigana. Kuna watu hawajui sura yangu ila wananichukia kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu mwezi wa saba, joto la Maskati likiwa limelala juu ya watu kama blanketi bichi, Bibi alianguka kwenye ngazi ya jikoni. Hakuvunjika. Kiwiko kilivimba, na heshima yake ikavimba zaidi. Nyumba yetu ni ya zamani, ina ngazi nje na ngazi ndani, hakuna chumba kinacholingana na mwenzake. Ami yangu mkubwa, kaka yake baba, kajenga villa kule Khoudh, mwendo wa gari, chini kote sawasawa, chumba chenye choo chake. Kuanzia siku ile nikaona ami na baba wanakutana barazani na kushusha sauti nikipita. Nikafahamu. Bibi anahamishwa.

Naye hakuna aliyemwambia. Hapa sitaki mtu amuone ami yangu mbaya. Kwetu sisi mzee unamkatia nyama laini, unamshika mkono akiinuka, unampa mto wa pili, na mashauri unamwepusha nayo. Ndo heshima yenyewe hiyo. Hata Mama, anayempenda Bibi kuliko wanawe wote, aliponikuta natweta kwa hasira jikoni alinambia nisimpandishe Bibi presha, atajua siku ikifika.

Wiki ile ile, kule Marekani, dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa. Timu inampa mwenzake mchezaji, inapewa wengine, na mchezaji anasikia simu tu, funga mizigo. Habari zikatoka kwamba mashoto wetu anapelekwa pwani ya mashariki, na sisi tunapewa vijana wawili ambao hata ndevu hazijawaota. Nikachemka. Nawachukia waandishi wa habari hizi, nawasoma wote. Kila mmoja ana chanzo chake, chanzo kinanong'ona, yeye anaandika imekwisha, mtu kaondoka, anataka awe wa mwanzo tu. Wanamzika mtu yu hai anakula chakula chake cha usiku. Na pwani ya mashariki maana yake, wakianza kucheza, Bibi yangu yumo usingizini. Maana yake tumempoteza.

Nikamwambia asubuhi ile, sikuweza kuficha. Nilisema wamemuuza.

Bibi akanirudi. "Mtu hauzwi, mwanangu. Tulikotoka waliuzwa watu, na sisi tunaojua hatupendi kutaja. Sema neno jengine."

Nikaona haya. Nikamweleza mkataba, mapesa, mambo ya timu.

"Pesa nimesikia. Yeye kaulizwa?"

Na hapo, wallahi, nilifurahi kwamba najua kanuni zangu. Nikamwambia ipo sheria. Mchezaji aliyekaa kwenye ligi kubwa miaka kumi, na mitano ya mwisho yuko na timu hiyo hiyo, haendi popote mpaka akubali mwenyewe. Mashoto wetu miaka hiyo keshaipita. Lazima aulizwe.

Bibi akataka nimrudilie. Nikamrudilia. Akaniuliza anaweza kusema hapana, na wakubwa wote wakanyamaza? Nikamwambia ndo hivo, Bibi, wakanyamaza. Akacheka peke yake, akapangusa midomo kwa ncha ya kanga.

Kesho yake jibu likaja: kaulizwa, kakataa. Nilipiga kelele mpaka fundi wa gereji akachungulia. Wale watatu wa televisheni wakasema mbinafsi, timu ilikuwa inajenga kesho yake, ati angefikiria wenzake. Nikawaandikia ujumbe ambao Mama asiuone. Mzee wa redio hakutia neno lake. Alieleza tu kwamba mtu ameulizwa, akajibu, na sasa anapasha mkono joto kule pembeni, na upepo umetulia. Nikamtafsiria Bibi hivo hivo. Bibi akasema huyo ndo mtu wa kusikilizwa.

Ijumaa tukala wote kwetu, mkeka mmoja, sinia mbili, wali wa nazi na samaki ambaye shemeji yangu mmoja kaja naye kutoka Qurayyat. Bibi kapewa mnofu wa mgongoni, umechambuliwa miba mmoja mmoja. Baada ya kahawa ami akakohoa. Akasema inshallah Jumapili gari itakuja kubeba sanduku la Bibi na kitanda chake, chumba kishapakwa rangi, na kila mtu akatazama kikombe chake.

Mie nikasimama. Najua, mtoto wa kike, mbele ya ami zake, kasimama juu ya mkeka. Nikasema Bibi hapelekwi pahala. Nikasema kakaa nyumba hii tangu yeye ami hajaota ndevu, ana haki ya kukataa, hata Marekani mtu hahamishwi kama sanduku. Binamu akacheka, akasema basi besiboli hiyo imeanza. Baba akaniambia nikae. Sikukaa.

"Kaa, mwanangu," alisema Bibi. Nikakaa.

Akageuza uso upande wa sauti ya ami. "Hivo unavyosema wewe, mie mmeniuliza?"

Ami akasema walitaka kumpunguzia tabu.

"Nilipotolewa Unguja nilipakiwa chomboni kama mzigo. Sikulia, nilikuwa mtoto, waliokuwa wakijua walikuwa wakubwa. Haya. Mara hii nimeshakuwa mkubwa kuliko nyote. Niulize."

Ami yangu ana nywele nyeupe na watu chini yake wizarani. Alisogea kwa magoti mpaka mbele ya Bibi, akamshika mkono, na sauti yake ikawa ya mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Mama, utapenda kuja kukaa kwangu?"

Nilikuwa nishaanza kutabasamu. Nalijua jibu. Nililitarajia kama mzee wa redio anavyojua mpira utakapoangukia.

"Ntapenda," alisema Bibi. "Ngazi hizi zimenishinda tangu mwaka juzi. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Nilimkasirikia? Ndio, nilimkasirikia. Nimempigania, naye kaniacha. Usiku sikumsemesha, na asubuhi mashoto wetu alikuwa na zamu, nikawasha redio nikatafsiri kwa maneno makavu kama karani wa mahakama. Karusha. Kakosa. Kakaa. Bibi akaniacha niendelee hivo kidogo, halafu akatafuta goti langu kwa mkono, mkono wa kushoto, akalipata.

"Wewe uliniuliza?" alisema, pole pole. "Ulisimama kunisemea. Sauti nzuri, mashallah, mpaka Mutrah walisikia. Lakini hukuniuliza."

Nikaacha kutafsiri. Mzee wa redio naye alikuwa kanyamaza. Tukasikiliza wote wawili mchuuzi wa karanga.

Basi kahamia. Kaondoka kwa miguu yake, hakukubali kushikwa mpaka mlangoni, akaamuru mwenyewe kitu gani kitangulie na kitu gani kiachwe. Siku za zamu ya mashoto naamka mapema, naendesha mpaka Khoudh, jua linanipiga usoni nikirudi, nafika dukani na usingizi. Siku nyengine nampigia simu na kumwekea redio karibu. Ami anakaa naye siku hizi kabla ya kwenda kazini. Juzi nilimsikia kwenye simu akimuuliza Bibi kwa nini huyu mdakaji kachuchumaa muda wote, na Bibi akimjibu kwa upole mkubwa, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kiatu. Binamu yangu alikuwepo. Alisikia. Kwa hiyo kwake nimemaliza.

Sebule yetu asubuhi ina nafasi kubwa sasa. Mama bado anapika chai nyingi kupita watu. Mie bado naamini ingefaa akae kwetu. Ningeachiwa ningemfungia ndani na kumpenda huko huko, na ningeapa kwamba namtetea. Ndo maana sina haraka ya kumhukumu ami, wala baba, wala mtu yeyote anayemchambulia mzee wake miba na huku keshampakia sanduku.

Na wewe je, huyo mzee wako uliyemkalisha pembeni kwa heshima, umeshawahi hata siku moja kumuuliza anataka nini?