Picha ya Kifua cha Mama

Nilikuwa mtoto wa darasa la sita, huko juu ya Kianjokoma, mama alipopata kikohozi kisichoisha. Kilianza tukipanda maharagwe, na tulipochuma kahawa ya Juni bado alikuwa akikohoa. Daktari wa zahanati alimwandikia barua aende Embu mjini akapigwe picha ya kifua.

Cucu, mamake baba, alikataa. Alikuwa amelelewa na watu waliokumbuka siku ambazo wafu hawakuzikwa bali walipelekwa msituni. Aliyekutana na mfupa wa mtu huko alikuwa ameingiwa na mugiro, uchafu wa kifo, na ilibidi atakaswe kwa kondoo kabla ya kurudi kwake. Sasa mashine ilitaka kuonyesha mifupa ya mtu ambaye bado anapika.

"Tangu lini mtu akaona mbavu zake akiwa hai?" alimwuliza mama. "Mzee wa ng'ambo ya mto alipigwa picha. Yuko wapi? Yule fundi wa mabati alipigwa. Yuko wapi? Hebu nitajie mmoja tu aliyerudi akalima."

Mama aliikunja ile barua ya daktari. Hao aliowataja walikuwa wamekufa kweli. Barua ikabaki ndani ya Biblia.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa sayansi. Alisema miale ya mashine ile ni ndugu wa mwanga wa jua na wa mawimbi yanayoleta redio, ila ina nguvu zaidi. Hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia, ndiyo maana mfupa huonekana mweupe kwenye picha. Nilikimbia nyumbani kumweleza cucu.

"Na huo mwanga ukiingia ndani ya mtu," aliuliza, "hubisha hodi?"

Baba alicheka. Mama pia alicheka, mpaka kikohozi kikamkatiza.

Alikwenda alipoanza kutema damu. Siku hizo picha ulipewa uibebe nyumbani ndani ya bahasha kubwa. Baba aliiinua dirishani, nikaziona mbavu za mama, na katikati yake mawingu meupe ambayo hata mimi nilijua hayakupaswa kuwapo. Cucu alijifunika uso kwa leso yake. Kesho yake kondoo alichinjwa. Baba hakubisha, wala mama. Vidonge vya hospitali alivianza pia, lakini mwili ulikuwa umeshaishiwa nguvu. Tulimzika kabla ya mvua za Oktoba.

Cucu hakusema kwamba alituonya. Alikaa jikoni akamenya viazi vya waombolezaji wote, peke yake, akakataa kusaidiwa. Wengine ndio walioyasema: mwingine tena kapigwa picha, kafa.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Sasa nina watoto watatu na sina nafasi ya kubeba hasira hiyo. Cucu hakudanganya; aliyoyaona aliyaona. Watu wetu walikuwa wakienda kupigwa picha kifo kikiwa kimeshakaa kitako kifuani, kisha lawama zikaangukia picha. Onyo lake lilitimia kwa sababu tulilitii.

Mwaka jana binti yangu mkubwa alikohoa wiki mbili. Nilifunga kibanda changu cha mboga, tukaenda.

"Mami, itauma?"

"Haiumi. Simama wima, vuta pumzi, uishikilie."

Ilikuwa TB, ndiyo kwanza imeanza. Kwa miezi sita nilisimama mbele yake kila asubuhi mpaka ameze vidonge, akinuna, nami nikichelewa kibandani. Alipomaliza na daktari akasema amepona, nilimtuma sokoni anunue chumvi. Chumvi ilikuwepo nyumbani. Nilitaka tu apite mbele ya milango ya watu, wamwone.