Mafuta ya Faza yalivyolazimishwa kwenda Lamu kupigwa muhuri

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenifika mwenyewe, wallahi sitii chumvi.

Nina kinu cha mafuta ya simsim hapa Faza. Ngamia mmoja wa kukizungusha, mke mmoja, wote hawaambiliki.

Basi ikatoka amri ya serikali: mafuta yakishakamuliwa yapelekwe Lamu mjini, yapigwe muhuri, ndipo yatumike. Hata ya jikoni kwako!

Na mashua ikikuta maji yamekupwa kwenye mkondo wa Mkanda, imekwama. Muhuri nao una foleni. Mafuta yakirudi yameshachacha, wateja wamekwenda zao. Nikaanza kutafuta wa kumnunua ngamia. Nililia wakuu, mwanamume mzima.

Mara tukasikia mjumbe wa lile baraza jipya la kutunga sheria anazunguka visiwani kukagua amri zinavyofanya kazi. Na kwangu atafika! Nikatunga hotuba siku tatu.

Siku yenyewe nikamwambia mke wangu, Bi Mwanaesha, apike vitumbua.

"Kwa mafuta yepi? Yetu yako Lamu."

"Si kuna ya mtungini, ya leo?"

"Hayana muhuri. Wataka nimlishe mtu wa sheria kitu kisicho na sheria?"

Nilimaka! Mgeni na vitumbua vikavu, aibu gani hii?

Mjumbe akaja, Mzungu, na mkalimani wake. Nikaanza hotuba, akapiga miayo. Sahani ikaletwa. Lahaula! Vitumbua vimebanduliwa kwa kisu, vipande vipande, chini vyeusi. Akatafuna weee, kisha akauliza kulikoni.

Bi Mwanaesha akajibu nyuma ya pazia: "Mwambie Bwana, mafuta ni yale mtungini, hatua tatu. Lakini ndia yake ya kufika jikoni yapitia Lamu."

Mkalimani akafasiri. Mzungu akautazama mtungi, akakitazama kitumbua, akacheka hadi machozi. Ndipo akauliza maswali ya maana: maji hupwa saa ngapi, muhuri huchukua siku ngapi. Akaandika yote kwenye ripoti yake.

Wiki iliyopita barua ilifika. Faza imepewa muhuri wake!

Mtaa mzima ulikuja na vibuyu, akina mama vigelegele hadi msikitini. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ngamia simuuzi ng'o!

Nilichojifunza: mtunga sheria usimhubirie, muonjeshe.

Nanyi wa Kiunga na Mkokoni, amri ipi inawakaba? Semeni, Bi Mwanaesha yuko tayari kuwapikia wakubwa.