Msusi na Mume wa Kumjibia

Kaka yangu ana sentensi anayoipenda kuliko salamu: "Sijawahi kumwinulia mke wangu mkono." Huitamka kifua mbele, utadhani anadai zawadi. Ni kweli, hajawahi. Mkono wa nini, mwenye ulimi ule?

Mkewe, wifi yangu, ni msusi. Tuko saluni moja, viti vimepakana, kwa hiyo sisimuliwi. Simu yake ikiita tu, vidole vinapoteza mstari, anafumua msuko na kuanza upya. "Uko wapi? Na nani? Mbona umechelewa kupokea?" Wateja wanamtania, "Mwenzetu unapendwa!" Anacheka, huku jasho linamtoka. Nyumbani chumvi ikizidi kidogo, kaka ananuna wiki nzima. Akifungua mdomo ni kumwita mzigo, tena mbele ya mama yetu.

Mwili ukachoka kuvumilia. Usingizi ukamruka, uso ukajaa chunusi, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, mpaka msusi wa watu akawa hatoki bila kilemba. Hedhi ikayumba, kisha ikakatika miezi mitano, na mimba hakuna. Mama akatangaza mezani kwamba mwanawe ameoa mti mkavu. Niliondoka, nisije nikamkosea adabu aliyenizaa.

Nikampeleka wifi hospitali. Kaka akajileta. Daktari, mama wa makamo, akamuuliza wifi, "Unalala vizuri?"

"Analala," kaka akajibu.

"Una mawazo?"

"Mawazo ya nini? Kila kitu anapata."

"Hedhi ya mwisho uliiona lini?"

Hata hapo kaka akafungua mdomo! Na wifi akamgeukia, anasubiri kuambiwa habari za damu yake mwenyewe. Damu ilinichemka. Daktari akaweka kalamu chini.

"Baba, tusubiri nje."

"Mimi ndiye mume. Kuna siri gani?"

"Nje, baba."

Wifi akaomba mimi nibaki. Akasema yote, kwa sauti ndogo, macho mlangoni. Vikafanyika vipimo vya damu, vya tezi, vya kizazi. Tuliporudi kwa majibu, kaka nyuma yetu tena, akaachwa tena nje. Hakukuwa na ugonjwa.

"Mwili ukiishi kwa hofu kila siku, homoni za msongo hazipumziki," daktari alisema. "Ubongo unaona huu si wakati wa kubeba mimba, unapunguza amri zinazokwenda kwenye mayai. Hedhi inasimama. Wewe si mbovu, mama. Unachohitaji kwanza ni utulivu."

Wifi alilia kwa kwikwi. Mimi nililia kwa hasira.

Nje kaka akatudaka. "Wamesema ana kasoro gani?"

Nilivuta pumzi nimpe vidonge vyake. Wifi akanishika mkono. "Niache nijibu mwenyewe." Akamtazama mumewe. "Sina kasoro. Nahamia kwa dada yako."

Sasa analala chumba kimoja na binti zangu. Mama ananiambia nimevunja nyumba. Nyumba gani, ile ambayo mtu anapumua kwa ruhusa? Juzi kaka alipiga simu wifi akinisuka. Iliita mpaka ikachoka, na mstari ukanyooka hadi kisogoni.

Leo asubuhi wifi amegonga mlango wa chumba changu. "Wifi, una pedi?"

Nikampa. Kisha, mtu mzima mimi, nikakaa kitandani nikalia.