Chumba cha Nyuma, Kando ya Choo

Mama mkwe wangu anapiga pasi mashuka ya hoteli tangu mume wangu hajaota meno. Mikono yake imejaa makovu ya mvuke. Jumapili huyafunika kwa gauni la mikono mirefu, maana kanisani yeye ni mjumbe wa kamati ya usawa wa rangi.

Watoto wetu weusi husomea shule ya Jumapili katika chumba cha nyuma cha kanisa, kando ya choo. Kinaitwa Darasa la Wageni. Familia zetu zilipohamia hapa, waumini weupe walikianzisha kwa nia njema, watoto wasione haya kwa kutojua lugha. Lakini binti yangu amezaliwa mtaa huu huu, hata akiota huota kwa lugha yao. Bado anakaa huko na ndoo za deki.

Mama mkwe alipoingia kwenye kamati aliomba jambo moja tu: mjukuu wake asome chumba cha mbele na wenzake. Mwenyekiti, daktari wa meno mwenye sauti ya upole, alimshukuru huku machozi yanamlengalenga. Kikao kilichofuata waliliombea. Kingine wakasoma kitabu kuhusu ubaguzi. Kila mara mama alirudi nyumbani akatupa mkoba kwenye kochi.

"Leo je, mama?"

"Leo tumeumia pamoja."

"Na chumba?"

"Chumba hakikuumia, mwanangu. Kipo palepale."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumapili iliyopita tuliukuta mlango wa nyuma umepakwa rangi ya manjano, na kibao kipya juu yake: Darasa la Marafiki. Mwenyekiti alisimama pembeni, anangoja tufurahi.

"Umeona, mama? Kamati imefanya kazi," akasema.

Mama alikitazama kibao kama anavyotazama shuka lililofuliwa likarudi na doa lake. Akamshika binti yangu mkono, akaenda naye mpaka chumba cha mbele, akajibana kwenye kiti cha watoto, magoti karibu yamguse kidevu.

"Mama, viti vimejaa," mwalimu akanong'ona.

"Nitampakata."

Mwenyekiti akaja mbio. Akasema jambo hili ni zito, litapelekwa kikaoni.

"Lipelekeni," mama akasema. Akamgeukia mwalimu. "Wewe fundisha."

Binti yangu alikuwa ameshaazima kalamu ya rangi kwa jirani yake. Mimi nilibaki mlangoni na mkoba wa mama, nawaangalia.