Toa Pumzi, Siyo Marashi

Nakumbuka vizuri siku niliyovua saa, kofia na kiatu kimoja mbele ya mlango wa wakwe zangu kule Koboko, na wala sikuwa nimelewa. Sogea karibu, mwanangu. Unaoa mwezi ujao, na hii siwezi kukuacha uondoke bila kuisikia.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi Awindiri pale Arua, natengeneza baiskeli, na mdomo wangu ulikuwa unanitangulia kila mahali. Nilimpenda Zamzamu wa Koboko. Kwao, mwenye kauli ya mwisho alikuwa bibi yake, haboba kama tunavyosema sisi Wanubi. Haboba huyo alizaliwa kambini Mombasa, binti wa askari, akaolewa huko huko. Nilipokwenda kuposa alinitazama, akasema, "Mimi nilitoka kwa baba yangu na zumari. Mujukuu yangu pia atatoka na zumari. Kama zumari hakuna, bibi harusi hakuna."

"Hilo tu?" nikajibu. "Haboba, zumari naijua tangu utotoni! Nitaifunga hata nyuzi mpya!"

Mwanangu, nilikuwa sijawahi hata kuiona.

Nikakimbia kwa jirani yetu, Mzee Farajalla, aliyepiga muziki katika bendi ya jeshi mpaka akastaafu. Alikuwa na obo yake, bomba jeusi la mti lenye vifuniko vinavyong'aa, ameivingirisha katika kitambaa cha sufi. "Hii ni zumari iliyopelekwa shule," aliniambia, "lakini mama yao ni mmoja." Nikaipokea, nikapuliza. Kimya. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Kimya.

Mzee alicheka hadi akakohoa. Nilikuwa napuliza mti mtupu. Kinachoimba, alisema, ni vipande viwili vidogo vya tete, vimechongwa ncha zake zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, vikafungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma, vinatazamana. Katikati yake kuna mwanya ambao hata ukucha haupiti. Ukipuliza, pumzi inajipenyeza pale, vile vipande vinagongana na kuachana upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na mtetemo huo ndio unaoingia ndani ya bomba ukawa sauti. Kazi ya vidole ni kufungua na kufunga matundu tu, sauti ipande au ishuke. Vipande vikikauka havisemi, kwa hiyo lazima uviloweshe kwanza katika kikombe cha maji. Midomo ikivibana mno vinanyamaza, ikiviachia mno vinalia kama bata. Na yule mzee alikuwa anavichonga mwenyewe, kwa matete aliyokata kando ya mto Enyau na kuyakausha mwaka mzima juu ya dari.

Nilijifunza miezi mitatu, wimbo mmoja tu, kila siku baada ya sala ya alasiri. Majirani walivumilia, Mungu awalipe. Mmoja tu ndiye aliyekuja kuuliza tunachinja nini.

Kulikuwa na somo moja lililokataa kuniingia. Mpiga tarumbeta huishiwa pumzi. Kwa obo ni kinyume, maana ule mwanya ni mdogo sana na pumzi haina pa kutokea. Kipande cha wimbo kinaisha, kifua bado kimejaa, lakini hewa iliyomo imeshachakaa. Ukivuta nyingine juu yake, unazama ukiwa nchi kavu. Kila mara Mzee alinigonga bega: "Toa kwanza! Toa, ndiyo uvute!" Nilimwitikia ndiyo, halafu nikavuta tu. Kifua changu kilikuwa kipana, bwana, na nilipenda watu wakione kimejaa.

Siku ikafika. Gari la mjomba likatupeleka Koboko, mimi na Mzee na jamaa zangu, vumbi mpaka kwenye kope. Uwanja wa kina Zamzamu ulikuwa umejaa mama zetu wamejifunga zile nguo zetu za gurbaba za kila rangi, ngoma inalia, watu wanacheka. Na desturi yetu unaijua: mashangazi wa bibi harusi wanasimama mlangoni, hawapishi mtu mpaka wapewe zawadi. Walikuwa sita, wanene, mikono viunoni. Haboba ameketi mkekani kando ya mlango. Akanyoosha kidole, ngoma ikanyamaza. Nikaanza.

Lo, ilitoka tamu! Hata mimi mwenyewe nilishangaa. Vigelegele vikapanda, nami nikajaza kifua, nikaendelea, nikajaza tena juu ya ile hewa ya kwanza. Mara nikaona nyota mchana kweupe. Mashavu yamevimba. Nyuma yangu Mzee Farajalla akaona, akapiga kelele, "Toa! Toa!"

Mashangazi wakadakia hapo hapo, "Eeeh! Toa! Toa!"

Mwanangu, kichwa kilichokosa hewa hakifikiri. Nikadhani hata Mzee anasema habari ya zawadi. Nikang'ang'ania sauti moja kwa mkono mmoja, wa pili ukaingia mfukoni ukatoa chupa ya marashi. Vigelegele! "Toa!" akalia Mzee. Saa ikatoka. "Toa, wewe!" Kofia ikatoka. "Toa, bana, utakufa!" Nikasukuma kiatu kwa mguu wa pili, kikaenda. Shangazi mmoja alikiokota, akakigeuzageuza, akamwambia mwenzake, "Huyu anatoa mpaka kiatu. Hii iko mume kweli!"

Mzee akaja mbio, akanipiga kofi la mgongo. Puuu! Hewa yote ikatoka pamoja na mate, obo ikaponyoka akaidaka, nami nikaangukia magoti mbele ya Haboba. Nikavuta pumzi mpya. Wallahi, sijaonja tena hewa tamu kama ile. Na katika utamu ule, jambo lililonikaa kifuani miezi mitatu likatoka lenyewe.

"Haboba, nilikudanganya. Zumari nilikuwa siijui. Nimejifunza juzi tu, na hii yenyewe ni obo ya Mzee."

Niliogopa. Neno moja tu la yule bibi, na Zamzamu hatoki.

"Nilijua," akasema. "Siku ile uliniambia utaifunga nyuzi mpya. Zumari iko na nyuzi, wewe mutoto?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye bado ananitazama. "Nilingoja mwezi wa kwanza, hukusema. Mwezi wa pili, hukusema. Mutu anayedanganya bibi atadanganya muke pia. Kama ungeingia mulango huu bila kusema, ningekurudisha Arua na gari yako. Sasa umesema. Simama, upige."

Nikasimama. Nikatoa pumzi, nikavuta, nikapiga. Haboba alicheza huku machozi yanamtiririka, na Zamzamu akatoka, mabega yanamtetemeka kwa kicheko chini ya shela. Nilifurahi siku ile mpaka leo furaha haijaisha. Saa yangu, mashangazi walikataa kuirudisha.

Sasa nisikilize vizuri. Ukikosea, sema siku ile ile. Ukiudhika, sema, usivute hasira ya leo juu ya ile ya jana. Nimeona nyumba nyingi zikivunjika, na hazikuvunjika kwa umaskini. Zilijaa mambo ambayo mtu aliona aibu kuyatoa. Mke wako hawezi kukupa pumzi mpya kama hujampa nafasi kifuani.

Na wewe, mwanangu, sikukuita hapa kwa ajili ya hadithi tu. Najua kazi yako ya Kampala imekwisha tangu mwezi uliopita. Mama yako Zamzamu anajua. Rehema hajui, na anahesabu siku za harusi. Mwambie leo, kabla ya magharibi, kwa mdomo wako mwenyewe.

Mungu akupe kifua chepesi na ulimi mkweli. Akupe nyumba yenye kelele za watoto, na akubakizie Rehema mpaka uzeeni kama alivyonibakizia mimi mama yako. Amina. Haya, inuka. Rehema yuko uani na mama yako, anamsaidia kuchambua mchele.